Mwaka Niliolangua Sanda

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo chakula hunishinda. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nina cherehani yangu, nina chumba changu cha kupanga mtaa wa Mabawa, na akili nikidhani ninazo kuliko mji mzima. Kaa hapa unisikilize mpaka mwisho. Habari hii sijaisimulia mara nyingi, na wengi wa watu wake wameshatangulia mbele ya haki.

Miaka ile ilikuwa ya dhiki. Nyinyi leo mkiingia dukani mnachagua sabuni kwa harufu. Siye tulifulia majani ya mpapai. Sukari foleni, unga foleni, na kila kitu kwa kibali. Hata sanda, mwanangu. Mtu akifa, balozi wa nyumba kumi huandika barua, barua ipelekwe ofisini, na ofisini wakisema bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda, ipo, ndipo mkapimiwe. Wakisema haipo, mnarudi nyumbani mkamtazame maiti wenu.

Penye uhaba hapakosi mlanguzi. Shoga yangu Zuwena, aliyekaa Chumbageni, ndiye aliyenifundisha kazi hiyo, wala hakunilazimisha. Wengine walificha sukari, yeye akawacheka. "Sukari inayeyuka," aliniambia. "Mchele unaingia wadudu. Sabuni inakauka ikapungua. Lakini bafta haiozi wala hailiwi, na hakuna wiki isiyotakiwa. Kufa kufaana, shoga!" Tukacheka sote wawili. Nakwambia tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Bafta yenyewe ilitoka Mombasa kwa njia za panya. Nikauza herini za dhahabu alizoniachia mama, nikanunua majora manne ya kitambaa cheupe, nikayatia ndani ya sanduku la mbao, na juu yake nikatandaza nguo kuukuu. Kwa kuwa sikuwa na kiti, sanduku hilo hilo nikawa nalikalia nikishona. Nikaanza kungoja.

Na ulanguzi wote, mwanangu, ni kungoja. Kazi hufanyi: uzi hukuusokota wewe, nguo hukuishona wewe. Unanunua leo kitu usichokihitaji ili kesho umuuzie mtu aliyeshikwa na hofu kuliko wewe. Na bei ikipanda unajiona mjanja, wala hujiulizi imepandishwa na nini.

Babu yangu, mtu wa Mwera huko Pangani, aliwahi kunihadithia jinsi ujanani mwake bei ya mkonge ilivyopaa ghafla. Watu waliacha mihogo wakakimbilia mkonge. Wengine walinunua mashamba ambayo hata mipaka yake hawakuijua, ili wayauze mwezi ujao kwa anayekuja nyuma. "Kila mmoja aliamini nyuma yake yuko mjinga mwingine," alisema babu, "mpaka bei ikaanguka, wakageuka kutazama, hapakuwa na mtu." Mie nilimsikiliza huku nikipiga miayo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mie laiti ningevunjika guu tu.

Sasa, katika nyumba yetu chumba cha pili aliishi Bi Asha, mama wa Kipemba, mjane, mwuza vitumbua. Upande huu wa bahari hakuwa na mtoto wala ndugu. Tuligawana ukuta mmoja. Mwaka uliotangulia nilipoharibikiwa na mimba, yeye ndiye aliyenikanda na kunilisha uji kwa mkono wake, akalala mkekani mlangoni pangu siku kumi, na hakuna aliyemtuma. Nataka umjue, ili ujue niliyemtenda.

Jumamosi alishikwa na homa. Jumapili alfajiri akakata roho.

Balozi alikuja, akaandika barua, kisha akaikunja akabaki nayo mkononi. Jumapili ofisi imefungwa. Na jua la kwetu unalijua, maiti hakawizwi. Akaitwa Bi Kiza wa Chumbageni, mwosha maiti wa miaka mingi, mama mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Aliingia uani na bakuli lake la kafuri na furushi la pamba, akatuuliza wanawake wote tuliokusanyika: "Nani ana bafta? Hata kipande."

Wakatoka wawili wawili kwenda kugonga milango ya jirani. Mie nikasema naingia ndani mara moja.

Kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba kilichonizuia ni woga. Woga ulikuwepo, sikatai. Wakati ule mgambo walipekua nyumba za walanguzi, na ningeonekana na dhiraa kumi tu ningeulizwa nyingine ziko wapi. Lakini wallahi, mwanangu, siyo woga. Nilifungua sanduku, nikaishika ile bafta, laini, bado ina harufu ya dukani. Mteja wa Zuwena alikuwa anakuja kesho yake kuchukua majora yote manne kwa bei maradufu. Nikawaza: jora lililokatwa halina bei ya jora zima. Ndilo nililowaza, huku upande wa pili wa ukuta Bi Asha amelazwa chini, kidevu kimefungwa kitambaa. Nikafunga sanduku upesi, nikatoka nje nikiwa nimekunja uso kama wafiwa wengine.

Wale wanawake walirudi na walichopata. Shuka la kitanda lenye kiraka. Foronya mbili. Chandarua cha zamani. Na pazia la dirishani, jeupe lenye maua mekundu, lililotolewa na mama mmoja ambaye naye hakuwa na lingine. Wakaniletea mie. "Fundi wetu ni wewe," wakasema. "Tuunganishie."

Nikaketi juu ya sanduku, nikashona.

Sijui nikwambieje. Mguu ulikanyaga cherehani na mkono ulisukuma nguo, na chini yangu kulikuwa na bafta ya kutosha kuwasitiri wanawake wa mtaa mzima, kila mmoja nguo zake tano za sanda kama sunna inavyotaka. Bi Kiza akaja kuchukua. Alisimama akanitazama, kisha akatazama chini. Katika haraka yangu nilikuwa nimebana ncha ya kitambaa kwenye mfuniko, imechomoza nje upana wa vidole viwili. Aliinama, akaishika kwa kidole gumba na cha shahada. Vidole vile vilikuwa vimegusa bafta maisha yake yote. Akaiachia, akachukua shuka na pazia, akatoka.

Tulipoitwa kumuaga, nilimwona Bi Asha na maua mekundu yamemzunguka uso. Dini haina ugumu, penye dharura panasitiriwa kwa kilichopo, na shehe alilisema hilo. Lakini nilijifunika uso kwa kanga, nikageukia ukuta. Wenzangu wakasema, masikini, alimpenda sana jirani yake.

Baada ya alasiri, wanaume wamesharudi kutoka makaburini, Bi Kiza alipiga hodi chumbani kwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Funga mlango. Fungua sanduku."

Nikafungua. Hakugusa kitu.

"Kwa nini hukutoa?"

Uongo nilikuwa nao tayari, mwanangu, nimeshaupanga. Sijui ulikwenda wapi. "Nilikuwa nangoja bei, bibi."

"Bei ya sanda hupandishwa na nini?"

Nikashika mfuniko nitake kulifunga sanduku.

"Nimekuuliza wewe. Bei ya sanda hupandishwa na nini?"

"Watu wakifa kwa wingi, bibi."

"Ehe," akasema, wala hakupandisha sauti. "Basi mwanangu ulikuwa umekaa hapo juu ya sanduku, unatungoja siye tufe."

Nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Maana ilikuwa kweli, na mie sikuwahi kuliona hata siku moja! Mwezi uliotangulia tu, kipindupindu kilipoingia mjini, Zuwena alikuja kunipa habari ya bei mpya, nikapiga makofi. Makofi, mwanangu! Mie niliyelelewa madrasa, niliyelia kwenye kila msiba wa mtaa, nilishangilia ugonjwa kwa mikono yangu miwili, na usiku nikalala usingizi mzuri. Wala sikuwa na roho mbaya. Hilo ndilo lililonitisha na linalonitisha mpaka leo. Niliwaza bei tu, na hiyo bei ikanifikisha mahali ambapo roho mbaya yenyewe ingeona haya kufika.

Nikamwangukia miguuni. Nikamwambia achukue yote, aondoke nayo.

"Siitaki," akasema. "Nikiichukua mimi, wewe utasahau. Ikae hapo hapo. Mtu akifa nitakuja kupiga hodi, na utakata wewe, kwa mkono wako, bila kupokea hata senti. Na kabla ya kukata utaniuliza jina la marehemu."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumatatu mteja alikuja nikamrudisha, na Zuwena alinitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Nikakata sanda zile mwaka mzima na zaidi. Nilikata za wazee, nilikata na vipande vifupi, vifupi sana, vya watoto. Kila mara niliuliza jina kabla ya kushika mkasi.

Zuwena yeye aliendelea, akanunua zaidi. Halafu ikaja ruksa. Biashara ikafunguliwa, mwenye uwezo wa kuagiza akaagiza, na mali zikamiminika mjini kama mvua ya masika. Haukupita muda bafta ikawa inauzwa barazani, imerundikwa majora kwa majora, mwenye duka anakuita uje uchukue. Nilimkuta Zuwena siku moja amesimama mbele ya duka, ameshika pembe ya kitambaa, midomo wazi. Alikuwa ameuza mpaka kitanda cha mumewe ili ajaze bafta nyumba nzima. "Imekuwaje?" alikuwa akiuliza, si mie, hata sijui nani. "Imekuwaje?" Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tamaa mbele mauti nyuma, methali hizi tulizijua sote wawili tangu utotoni. Sikumcheka. Nilimshika mkono nikampeleka kwao, na njia nzima hakupepesa macho.

Juzi umenionesha kwenye simu yako namna vijana mnavyonunua dhahabu msiyoishika na mahindi yasiyovunwa, mistari inapanda na kushuka, nyekundu na kijani. Umeniambia, "Bibi, hii ni sayansi." Sawa. Hata Zuwena alikuwa na sayansi yake. Sikukatazi biashara, na Mtume wetu alikuwa mfanyabiashara. Anayeweka mahindi ghalani wakati wa neema akayatoa kwa bei ya haki watu wanapoyahitaji, huyo ni mtu wa kheri, amebeba mzigo wa wenziwe. Lakini yule anayenunua ili kitu kikosekane, akafurahi kikikosekana, mashehe humwita muhtakiri, yaani mficha bidhaa ili zipande bei, na kosa lake halianzi siku anayouza. Linaanza siku anayokaa akangoja.

Basi nasaha yangu ni hii. Kabla hujatia fedha yako mahali ukangoja, jiulize: ili mimi nipate, lipi litokee duniani? Usijibu kwa neno "bei." Bei ni pazia. Sema lenyewe: mvua isinyeshe, meli isifike, ugonjwa uenee, watu wagombane. Ukishalisema, litie ndani ya nyumba unayoijua. Mtaje mwenye nyumba kwa jina, na watoto wake. Kama ulimi wako bado unaweza kusema "na iwe," basi mimi sina la kukufundisha. Ukishindwa kusema, weka fedha yako mfukoni, urudi nyumbani ukalale. Bei ikishapanda usijisifie akili hata siku moja, kamtafute kwanza aliyelia ndipo ikapanda.

Mwenyezi Mungu akupe riziki pana, mwanangu, isiyosubiri msiba wa mtu. Akupe faida ambayo ukiulizwa umeitoa wapi, utajibu mbele ya wafiwa bila kuinamisha uso. Na siku yako ikifika, akujaalie jirani atakayekukatia kitambaa chake kabla hajaombwa. Amina.