Radhi Isiyotimia Mizani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri Mkuu alinipa kalamu na onyo. "Dada, andika habari za Morogoro: nani, nini, wapi, lini. Mashairi yako yaache hukohuko kwenu Kilakala." Nikaitikia. Thubutu! Sikuyaacha.

Ukurasa wa mashairi ulikuwa chini ya mzee mmoja wa Kiluguru tuliyemwita Babu Mizani. Mizani ni hesabu ya silabi, wajukuu zangu: nane kila kipande cha mstari. Yeye alihesabu kwa kugonga vidole mezani. Ikipungua moja, shairi linarudi, hata liwe la waziri.

Soko huria likaingia, kiwanda chetu cha nguo kikauzwa. Mnunuzi akazitaka na kota, familia za wafanyakazi zitoke. Nikaandika habari, Mhariri Mkuu akaitupa kapuni. Basi nikaigeuza shairi, nikampelekea Babu Mizani. Akagonga, akagonga. "Limetimia," akasema. Likatoka Jumamosi, na kibwagizo chake hiki:

*Kiwanda mmekiuza, na watu mtawauza?*

Jumatatu kina mama wa kota walikuwa wanakiimba getini. Hadi Dumila kikafika. Mkubwa mmoja wa serikali akapiga simu, na Mhariri Mkuu akaniita huku jasho likimtoka.

"Utaomba radhi kwa shairi, ukurasa uleule. La sivyo, huna kazi."

Jioni hiyo Mama Zuhura wa kota, mtia rangi vitambaa wa kiwandani, akanifuata nyumbani. "Mwanangu, ukiomba radhi wewe, sisi tumekwisha. Wanangoja hilo tu watutupie vyombo nje."

Hasira zilinipanda hadi machozi. Nikakaa nikaiandika hiyo radhi, ovyo kabisa, kwa makusudi. Babu Mizani akagonga mezani, akanitazama juu ya miwani.

"Mstari wa tatu una silabi kumi na moja. Rudi nalo."

Nikarudi nalo likiwa bovu zaidi. Mara ya tatu Mhariri Mkuu akafoka, "Lichape hivyohivyo!"

"Kwenye ukurasa wangu? Haki ya Mungu, sichapi. Litunge wewe, bosi, nikuhesabie."

Akajaribu, maskini, asubuhi nzima. Hakufika hata ubeti mmoja.

Walinifukuza, ndiyo. Nikikusanya vitu vyangu, Babu akaninong'oneza, "Kuharibu vizuri vile kunataka fundi."

Watu wa kota wakanichukulia fomu ya udiwani, nikashinda. Kikao cha kwanza nilisimama na suala la kota, na sikukaa mpaka baraza likaniandikia kwamba hatoki mtu. Mama Zuhura alizeekea mlemle.

Sasa nimestaafu, nalima maharage yangu mlimani. Juzi harusini nikakutana na Mhariri Mkuu, ana mkongojo.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, dada. Mbona ile radhi hukuimaliza?"

"Bado naihesabu, bosi," nikamwambia. "Haijatimia."