Koti la Mwadi

Mama Adolphine ana makoti matatu, na yote ni ya kijivu. La kwanza ni zito, la kiume. Alilipata kwenye mitumba ya soko la Manika, akampa fundi alipunguze mabega. Hilo ni la Juni na Julai, wakati asubuhi ya Kolwezi inauma vidole. La pili halina mikono, ni la joto la Oktoba. La tatu ni la Jumapili. Kila moja lina mifuko minne mikubwa, na kila mara yeye hufunga shingoni kitambaa cha njano. Chini anavaa kitenge kama mama yeyote, na raba nyeupe anazozisugua kila jioni kwa sababu ya vumbi letu, lile ambalo malori ya madini hutuachia kama salamu huku shaba na kobalti zikienda kutajirisha watu wa mbali.

Nimepanga chumba katika parseli yake, yaani kiwanja chake, huu mwaka wa tatu. Ana miaka arobaini na saba, na kazi yake ni kuandika barua za watu. Ana meza, kompyuta na mashine ya fotokopi chini ya bati, karibu na ofisi za komini, serikali ya mtaa. Mtu huja na shida yake kichwani, akaondoka nayo ikiwa kwenye karatasi, imepangwa, ina tarehe. Nimewaona wakulima walionyang'anywa mashamba wakimsimulia huku wanalia, naye akiwauliza taratibu, "Mahindi ilikuwa imefika wapi? Mu magoti ao mu kifua?" Kisha anaandika. Nasema wazi: mji huu unahitaji watu kumi kama yeye kuliko unavyohitaji hoteli nyingine moja.

Lakini mtaani hakuna aliyemwita kwa kazi yake. Walimwita mama wa kijivu, na sababu ya nguo zile waliijua wote bila kumwuliza: ameweka nadhiri. Huku kwetu mtu anayevaa rangi moja kila siku lazima ana kanisa lake. Wapo wa kanzu nyeupe, wapo wa mikanda myekundu, wapo walioonyeshwa rangi yao ndotoni. Wa kijivu hatukuwahi kuwaona, kwa hiyo wengi wakamwogopa zaidi. Kuna waliobadili njia ili wasipite mlangoni pake. Na kuna mama mmoja aliyemletea mtoto mwenye homa ili amwombee.

"Mi siko mutu wa maombi, mama," Adolphine alimwambia. "Mupeleke ku dispanseri."

"Ni vile banasemaka wote," yule mama alijibu, akabaki amesimama palepale.

Adolphine akasali Baba Yetu, akampa mtoto pipi kutoka mfukoni, akawapakia wote wawili kwenye pikipiki hadi dispanseri. Mtoto alipona kwa dawa. Sifa ililiendea kanisa lisilokuwapo.

Mimi mwenyewe niliamini hivyo mwaka mzima, pamoja na diploma yangu. Halafu asubuhi moja ya mvua, wateja hawapo, nikamwuliza. Akatazama huku na huku, akaniambia.

Alizaliwa Kasaji, baba yake akiwa mtu wa reli. Alipokuwa na miaka minane, redio ilikuwa na mchezo kila Alhamisi juu ya mwanamke anayeitwa Mwadi. Treni ilikuwa imeacha kupita, basi Mwadi akajitwika barua za watu na kutembea kwa miguu juu ya reli, stesheni hadi stesheni. Ulisikia hatua zake kwenye kokoto. Kila alipofika watu walimwuliza ni saa ngapi, kwa kuwa saa za stesheni zilikuwa zimekufa, naye aliwaambia. Wakimwuliza kwa nini anajitesa, alijibu, "Barua haina miguu. Mi niko nayo mbili."

"Nilikuwa ninamuona," Adolphine alisema. "Redio inasema, mi ninaona. Koti ya kijivu, mifuko mine ya kuweka barua. Kitambaa ya njano, ili kukiwa ukungu bamuone. Nikasema, nikikomaa nitavalaka vile. Bon, nikakomaa."

"Na kwa nini huwaambii watu?"

"Niliambia mutu moja, ule alitaka kuniowa. Alicheka siku tatu. Akaenda kusimulia benzake ku baa, eti muchumba wangu anajizania mutu wa redio." Akafuta kioo cha mashine ambacho hakikuwa na vumbi. "Kanisa ni afazali. Ya kanisa, hakuna mutu anachekaka."

Hiyo iliniuma, na bado inaniuma. Katika nchi hii mtu anaweza kuvaa jina la bingwa wa mpira mgongoni tangu Jumatatu hadi Jumapili, hakuna atakayemshangaa. Ila mwanamke akimpenda mtu aliyetembea kwa ajili ya wengine, lazima ajifiche.

Sasa Falonne. Falonne ni binti wa Louis, mdogo wake Adolphine. Mama yake alifariki Falonne akiwa na miaka sita, na ni Adolphine aliyemlea. Yeye ni shangazi, ambaye huku huitwa tata mwanamuke, baba wa kike, na siku ya mahari ni tata mwanamuke anayemshika bibi arusi mkono, kumtoa chumbani na kumkabidhi kwa wakwe. Adolphine hakuwahi kuolewa. Siku hiyo aliisubiri kuliko siku yake yoyote mwenyewe.

Wiki tatu kabla ya mahari ya Falonne, baba mdogo wa mchumba wake alikuja kwa Louis. Anaitwa tata Tharcisse, shemasi wa kanisa la Kiprotestanti. Hakuzunguka.

"Falonne hayuko mubaya. Mubaya ni ule mama wa kijivu. Mutoto wetu hatapokea bibi arusi mu mikono ya mutu mwenye nadhiri ya kanisa yenye hatujue. Mutafute tata mwanamuke mwengine."

Louis alimletea dada yake habari hizo akiwa amesimama, hakutaka kiti.

"Yaya, dada mukubwa, siku moja tu. Vala kitenge ya familia kama bamama bengine. Batasahau."

"Na nikisema ukweli?"

"Bataanza kucheka kama bale ba baa. Mi sitaki bakucheke mbele ya bakwe. Afazali bakuogope."

Adolphine alikubali. Familia ilikuwa imechagua kitenge cha kijani chenye ndege, wamama wote kitambaa kimoja, na fundi akamshonea blauzi isiyo na mfuko hata mmoja. Alipoijaribu, Falonne alimzunguka mara mbili.

"Tata mwanamuke, uko mu hii nguo kweli? Mi sikuoni."

"Niko. Nimejikunja kidogo."

Jumamosi ya mahari ua wa Adolphine ulijaa viti vya plastiki. Wakwe walishuka kwa minibasi mbili, wakaketi upande wao. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kusoma barua yao ya posa. Falonne alikuwa chumbani, anangoja mkono. Adolphine alikaa katikati ya wamama kumi na wawili wa kijani, vidole vyake vikitafuta mifuko kwenye kitambaa.

Tata Tharcisse aliwapitia kwa macho mmoja mmoja, hadi akamfikia.

"Ni yeye," alisema. "Leo ameficha. Mutu anafichaka kitu kama anajua iko mubaya."

Louis alianza kueleza habari ya kitenge cha familia. Mimi nilitaka kusimama nimmwagie shemasi yote niliyosoma chuoni juu ya uhuru wa mtu, na ningeharibu arusi ya watu. Lakini Adolphine aliinuka kabla yangu, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti la Jumapili juu ya kile kijani, na kitambaa cha njano shingoni.

"Tata Tharcisse, sina nadhiri," alisema. "Niko Mukatolika, parokia ni pale nyuma, uende kuuliza padri. Hii koti ni ya Mwadi. Mwadi ni mutu wa redio, hakuzaliwa na mutu. Nilimusikia niko mutoto, nikamupenda, ninavalaka kama yeye. Ni ile tu. Kama munataka kucheka, mucheke sasa, kisha muniache nitoe mutoto wangu."

Wakacheka. Vijana wa wakwe ndio walioanza. "Mi kesho nitavala kama habari ya saa saba," mmoja alisema, na hata wamama wetu wa kijani wakaficha midomo. Adolphine alisimama mikono mfukoni.

Kwenye kiti pekee chenye mto, upande wa wakwe, alikuwa ameketi nkambo Bilonda, bibi yake mchumba na mama yake Tharcisse, aliyetoka Mutshatsha kwa ajili ya siku hiyo. Aligonga fimbo yake chini.

"Mwadi gani? Mwadi wa barua?"

"Yeye, nkambo."

"Uongo." Kicheko kikakatika. "Mwadi hakuvalaka kijivu. Alivalaka koti ya bulu, murefu, mupaka mu magoti."

"Nkambo, unisamehe. Ilikuwa kijivu."

"Bulu. Nilikuwa ninamuona kila Alhamisi."

"Hakuwa na koti," Louis alisema ghafla. "Alikuwa na shati nyeupe ya baba yake. Na viatu hakuvala." Akashtuka, kama mtu aliyejisikia akiongea usingizini. Dada yake alimgeukia. Miaka karibu arobaini hakuwa amemwambia.

Mama mmoja wa upande wa wakwe akasema mwavuli je, mbona wameusahau mwavuli. Redio haikuwahi kusema Mwadi alivaa nini. Kila nyumba ya njia ile ya reli ilikuwa imemvika kivyake.

"Mama," Tharcisse alimwambia mama yake kwa sauti ya chini. Miaka ile ya mchezo wa Mwadi alikuwa shule ya bweni, mbali, hakuusikia. "Haya ni mambo ya redio. Tuko mu kazi mukubwa."

Nkambo akainua mkono wake wa kulia. Palikuwa na saa ya kiume, ya chuma, pana kuliko kifundo chenyewe.

"Na hii?"

"Hii ni saa ya marehemu tata."

"Tata yako hakuwa na saa. Aliangaliaka jua. Hii nilinunua mi mwenyewe, sababu Mwadi banamuuliza saa mu kila stesheni. Nikasema na mi baniulize."

"Mama, lakini imekufa siku mingi."

"Imekufa. Ilipokuwa muzima, hakuna mutu aliniuliza."

Adolphine alitoa mikono mfukoni, akavuka ua hadi upande wa wakwe, akapiga goti mbele ya kile kiti, kama inavyotakiwa mbele ya mkubwa.

"Nkambo," alisema, "ni saa ngapi?"

Kikongwe aliitazama saa yake iliyokufa, hakuharakisha. Kisha akamtazama mwanawe shemasi, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni saa ya kutoa mutoto," alisema.

Adolphine akaenda, akamtoa Falonne kwa mkono, akapita naye katikati ya viti vyote. Walipofika, nkambo alimpokea bibi arusi kwanza, kisha akashika upindo wa lile koti la kijivu, akaupima kwa vidole kama anayenunua.

"Kitambaa ni muzuri," alisema. "Lakini ilikuwa bulu."