Maneno ya Harusi ya Zaina

Siku zile nazikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndizo siku kalamu yangu ilinigomea. Nilikuwa msichana bado, mwalimu wa shule ya msingi kule Kabambare, na watu wa kwetu Kasongo walinijua kwa kuandika. Harusi ikikaribia, walinitafuta niandike maneno ya kumsindikiza bibi harusi, niyasome mbele ya wageni. Msikilizaji wangu wa kwanza alikuwa mama. Alipofariki, nikaacha. Si kwamba niliapa. Nilikaa tu, na kukaa kukawa desturi.

Basi mdogo wangu Zaina akaposwa na mfanyabiashara wa Salamabila. Akapanda pikipiki kutoka Kasongo mpaka kwangu, akashuka na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.

"Dada," akasema, "mama hayuko. Niandikie maneno ambayo angeniambia yeye."

Ningekataaje? Nikaandika, nikachana. Nikaandika tena. Kila mstari ulikuwa ndoa ni nguzo, mke ni taa ya nyumba, maneno niliyokwisha kuwasomea mabibi harusi wote wa mtaa. Mama hakuwemo hata kidogo.

Nilikuwa nakaa kwa Shangazi Mwamini, dada yake baba. Alinitazama huku anamenya karanga, akacheka.

"Mutoto, unaandikaka sana siku hizi. Na kusoma, unasomaka siku gani?"

"Sina nafasi, Shangazi. Harusi iko karibu."

"Unainamisha mutungi mukavu, kisha unashangaa maji haitoki! Weka kalamu chini. Njoo unisomee, macho yangu imechoka."

Niliona ananichelewesha, lakini mkubwa hakataliwi. Alikuwa na kikapu kizima cha vitu vya kusoma: vitabu vya hadithi vilivyoliwa pembe na mchwa, magazeti ya zamani yaliyofungiwa sabuni sokoni, vyote kwake vilikuwa mali. Alasiri, nikitoka shuleni, nilimsomea kwa sauti. Mahali palipompendeza alinisimamisha: "Ngoja kwanza. Hapo weye umeona nini?" Nami ilinibidi ninyamaze, nifikiri, ndipo nijibu. Mwanzoni nilijibu kama mwanafunzi anayeogopa fimbo. Polepole nikaanza kukipenda kile kimya. Haba na haba, wazee walisema, hujaza kibaba.

Tukafika kwenye hadithi ya mwanamke aliyegombana na mumewe kwa ajili ya jogoo. Shangazi akacheka mpaka karanga zikamwagika.

"Huyo ni mama yako kabisa!"

Akanisimulia jinsi mama, bado bibi harusi mpya, alivyokasirika akatia chumvi mara mbili kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na baba akala yote kimya, kisha akanywa maji kama ng'ombe. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Papo hapo, mwanangu, nikaisikia sauti ya mama alivyokuwa akituambia jikoni: "Ukiwa na hasira, usishike chumvi." Kumbe alikuwa akijisema mwenyewe! Niliinuka bila hata kuaga, nikaandika mpaka jua likazama.

Siku ya harusi nikasimama mbele ya wageni pale Kasongo.

"Zaina," nikasoma, "mama angekuambia hivi: ukiwa na hasira, usishike chumvi. Lakini ukishaishika, na mume akala bila kulalamika, mpelekee maji haraka. Huyo anakupenda."

Ua mzima ukapasuka kicheko. Baba akajifunika uso kwa kofia yake, mabega yakitikisika, hatukujua anacheka au analia. Zaina alifanya yote mawili. Aliponikumbatia, aliniambia sikioni, "Dada, nimemusikia."

Tangu hapo sijaacha kuandika, ingawa siku nyingine huwa ni mistari michache tu, tena mibaya.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiniambia maneno yamekuishia, sitakuambia ujilazimishe. Haraka haraka haina baraka. Soma, hata kipande cha gazeti. Soma kwa sauti, na kama yupo mzee nyumbani, msomee yeye. Ukiguswa mahali, simama, jiulize kwa nini umeguswa, usikimbilie ukurasa unaofuata. Halafu andika lile unalolijua wewe, kwa maneno ya nyumbani kwenu, usiyaonee haya.

Nenda na baraka zangu. Mola akupe cha kusema, na akupe pia watu wa kucheka nao utakapowasomea.