Masharubu ya Wanja

Siku bunduki ziliposikika ng'ambo ya daraja la Jinja, mama alichoma picha zote za kaka yangu jikoni. Ilibidi. Kaka alikuwa dereva wa jeshi lililokuwa linashindwa, na hakuwahi kupiga picha bila sare. Jamaa zetu wengi wa Jinja, wajukuu wa askari waliotoka Sudan, walifanya vivyo hivyo. Kaka mwenyewe alikuwa amekwisha kukimbilia kaskazini. Hakurudi.

Vita vikaisha, maduka yakafunguliwa. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama, lakini kila jioni alipakua sahani tatu, ya kaka akaifunika kawa. Nilikasirika, nikajikausha. Neno kufa mama hakuwahi kulitamka, na mimi niliogopa kumtangulia.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba sura ya mwanawe ilianza kumpotea. Akaniomba nimtengenezee picha. Mimi nilikuwa mwigizaji. Kikundi chetu kilinipa nafasi za wanaume kwa sababu ya urefu, na kaka tulifanana mno. Isitoshe, nilikuwa nimeanza kuchezea kamera pamoja na mpiga picha mmoja wa Mbale. Tulipiga picha za mwanamke akiteka maji ndani ya kioo, za bibi harusi aliyekaa hewani. Watu walisema ni uzushi. Kwangu uzushi ulikuwa kupiga picha ya nyumba yetu bila kumwonyesha mtu ambaye sahani yake ipo mezani.

Tukaenda Mbale. Nilivaa kanzu na kofia ya kaka, nikajichora masharubu kwa wanja, nikasimama nyuma ya kiti cha mama, mkono begani mwake. Mpiga picha akapiga. Kisha nikaondoka, mama akabaki vilevile bila kutikisika, akapigwa tena juu ya filamu ileile. Tulilala kwa shangazi, mtaa wa Nkoma, tukisubiri. Picha ilipotoka, mama alionekana wazi, na nyuma yake kijana ambaye maua ya pazia yanaonekana kifuani mwake. Mama aliitazama sana, akaifunga kwenye leso, akanishukuru. Nilivimba kichwa, sifichi.

Tukirudi, karibu na Jinja palikuwa na kizuizi. Askari wa serikali mpya walitushusha sote kwenye basi, na mmoja akaifungua leso ya mama. Akauliza huyu ni nani.

Mama akajibu kwa mazoea, "Kijana yangu, afande."

Siku hizo vijana wa kwetu walisakwa kama askari wa jeshi lililoshindwa. Askari akanusa picha, akasema hii ni mpya, bado inanuka dawa, basi huyo kijana amefichwa Mbale na mama anajua ni wapi. Nikasema ni mimi. Akacheka, lakini macho yake hayakucheka, akamwita mwenzake. Huyo alikoki bunduki na kuamuru mama apelekwe vichakani.

Nikatoa wanja mkobani. Nikachora masharubu bila kioo, nikavaa kofia ya kaka, nikamkalisha mama juu ya jiwe palepale barabarani na kusimama nyuma yake. Nikaweka mkono begani mwake, kama pichani. Askari akaitazama picha, akanitazama, akarudia. Hakutosheka.

"Kama hii ni msichana," akamwambia mama, "kijana mwenyewe iko wapi?"

Niliomba moyoni aseme, na niliomba asiseme.

"Kijana yangu alikufa, afande. Hii ni dada yake."

Askari akamtupia picha mapajani na kutuambia tupande.

Ndani ya basi nikashika ncha ya kitambaa changu nifute masharubu. Mama akanizuia mkono. "Ngoja," akasema. "Tufike naye nyumbani kwanza."

Nikaingia Jinja nikiwa kaka yangu, abiria wakinikodolea macho, nami nikitazama dirishani ili nisilie mbele yao. Nyumbani mama alitia maji kwenye birika, akaninawisha uso mwenyewe, polepole, akianzia upande wa kulia, mpaka wanja ukatoka wote. Jioni ile akapakua sahani mbili.