Namba Sita na Namba Saba

Yunia Mongina amekuwa jirani yangu miaka minne, na miaka hiyo yote sikuwahi kuona kitanda chake. Mlango wake ulifunguka kiasi cha kupitisha bega tu, kisha ukafungwa. Nikimpelekea chai, aliuliza nani mwingine ameinywa. Mwanzoni nilidhani ananidharau kwa sababu mimi ni Mkikuyu na yeye Mkisii. Baadaye nikaona hata Wakisii wenzake anawashuku vilevile, nikatulia.

Tunakaa orofani katika nyumba ya zamani iliyojengwa na Wahindi, hapa Kericho mjini, yenye veranda ya mbao na vyumba tisa. Pande zote mbili yamepanda majengo ya vioo. Yetu imebaki katikati, fupi na nyeusi kwa ukungu. Mtu wa suti akisimama barabarani kuitazama, Yunia anamhesabu kuwa adui.

Ana sababu. Alichuma chai miaka ishirini na saba, akalea watoto wake katika nyumba ya shamba. Mashine za kuchuma zilipoletwa, karani alipita na brashi akiandika namba kwenye milango. Alisema anahesabu nyumba tu. Hata wiki haikuisha, wote walioandikiwa namba walikuwa barabarani na magodoro yao.

Kwa hiyo Jumatatu, Kiplangat anayesimamia nyumba yetu alipopanda ngazi na kopo la rangi nyeupe, Yunia alijibana mlangoni.

"Mama Mochama, usishtuke," Kiplangat akamwambia. "Landlord anabadilisha mabati, halafu anataka ngazi ya pili. Chumba iko na namba iko na mtu, haiguswi. Zile hazina namba ndio zitabomolewa."

"Hata kule walisema hivyo hivyo," Yunia akajibu.

Akaandikiwa sita. Mimi nikaandikiwa saba.

Kesho yake nilitoka alfajiri kwenda Kapsoit kuuza mitumba yangu. Kulikuwa na giza na ukungu, nikafunga kufuli bila kuutazama mlango. Niliporudi saa nane mvua ilikuwa imeshaanza. Chumba changu hakikuwa na mabati. Cha Yunia pia, naye alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka sokoni. Mafundi wawili walikuwa juu ya ukuta, wanachungulia kitanda changu kwa aibu.

"Pole, mama," mmoja akasema. "Tulidhani hakuna mtu. Hizi mbili hazina namba."

Nikatazama. Mlango wangu ulikuwa safi na unanuka mafuta ya taa. Yunia alikuwa amesimama pembeni na kitambaa mkononi.

"Umefuta namba yangu? Wewe mama uko sawa kichwani?"

"Yako ndio nilianza nayo," akasema bila kupepesa macho. "Wakikufukuza, mimi nitabaki hapa na nani?"

Nilikuwa na matusi tayari, ya Kikuyu, yale mazito. Nikayameza.

Kiplangat akapanda mbio, amelowa. "Nani amefuta hizi namba? Landlord anakuja saa kumi! Huyo mtu anatoka leo, leo leo!"

Yunia akanitazama. Alishajua nitamtaja, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kufuli ya mlango wake.

"Ni mvua," nikasema.

"Mvua? Hapa ndani ya veranda?"

"Kwani mvua ya Kericho huijui?"

Alinusa mlango wangu. Alinitazama, akamtazama Yunia na kitambaa chake, kisha akashuka kuleta kopo. Akaandika sita na saba upya, kubwa, na kuwaambia mafundi warudi kesho na mabati mapya.

Yunia alingoja hadi hatua za Kiplangat zikaisha kwenye ngazi. "Kwa nini hukunisema?"

"Basi tu."

"Unataka nini kwangu, Mama Njenga?"

Niliumia, sitaficha. Nikamwambia nataka chai.

Kisha akaufungua mlango wote. Nikakiona kitanda, kimelowa chapachapa, na kando yake magunia manne ya vyombo na nguo, yamefungwa kamba tangu siku aliyohamia. Alipiga magoti, akafungua gunia la kwanza, akatafuta humo hadi akapata kikombe cha pili. Tukanywa chai tumejibanza chini ya mwavuli wangu.