Muziki wa Kutwanga Maji

Muziki wa zamani wa mashine unanitia kinyaa, na sisemi kwa utani. Tu, tu, tu, tu, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetwanga maji kwenye kinu. Hauna neno, hauna habari ya mtu wala ya ng'ombe. Sisi Waturkana hatupigi ngoma. Tunaruka, na ardhi ndiyo ngoma yetu. Mwanamume humwimbia dume lake alipendalo, rangi yake na pembe zake, huku miguu ya wote ikishuka pamoja. Mashine inajua nini kuhusu pembe?

Siku ya harusi ya mdogo wangu nilimpeleka mama Kakuma kutoka Lodwar. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Sasa masikio yameziba kabisa, na kwenye sherehe hukaa pembeni akitazama midomo ya watu. Nilitaka acheze siku hiyo, hata mara moja tu. Kumbe mdogo wangu keshamwita dijei Mkongo!

Dijei akalaza spika kubwa mchangani, akaachia takataka yake. Nikamwendea.

"Zima hiyo kelele."

"Mukubwa, usikasirike. Iyi miziki batu ba masikini ndio baliianzisha, kule Amerika. Mashini zenye wanamuziki balikataa, bo masikini baliokota, bakacheza. Ni ya zamani, lakini haichoshe."

"Masikini wa Amerika hawana miguu?"

Akacheka. Kicheko chake nacho kikanichukiza. Nikashika waya wa jenereta niung'oe, na hapo nikamwona mama anavua ndara.

Akasimama, nyayo zake mchangani, macho ameyafumba. Akaruka, akashuka sawasawa na ule mdundo wa kuchefua. Akaruka tena, kisha akaimba wimbo wa dume la marehemu baba, lile jekundu la pembe zilizopinda. Shangazi zangu wakaacha masufuria, wakaja kumwitikia.

"Naisikia!" akanipigia kelele. "Inatoka chini!"

Nikauachia waya.

Muziki ule bado nauchukia, asinidanganye mtu. Lakini nyumbani Lodwar kuna spika iliyolala kifudifudi sakafuni, mbele ya kiti cha mama. Kila jioni naiwasha mwenyewe, uso nimeukunja, na mama anaimba.