Picha za Thailand kwenye ukuta wa mama

Binti yangu anakoroga gundi ya unga wa muhogo, abandike picha za kalenda ukutani, na ile harufu chachu inanirudisha kwetu. Mama alibandika vile vile picha za Thailand: visiwa, maporomoko, pango yenye sanamu ya zahabu imelala ndani. Mvua ikinyesha, mi na dada yangu mukubwa tunajilaza kwenye mukeka, tunachagua.

— Mi naenda ku pango, dada anasema.

— We? Unaogopa hata choo yetu.

— Mukule kwanza, batoto, mama anacheka. Kisha nitabavusha maji na pirogue.

Batu banasema moto yenye ilimaliza nyumba yetu ilitoka jikoni. Hapana. Ni basoda, baaskari na bunduki zabo, balichoma ile nyumba, na dada alikuwa ndani.

— Mama, nianze na picha gani? binti ananiuliza.

— Kama iko yenye pango, anza nayo. Bandika chini, pale mutu anaiona akilala.